Leba walinieleza kila kitu, benchi la nje hawakumwambia mama yangu neno

Nimejifungua mara mbili, mwaka 2017 na Aprili 2024. Hospitali ni mbili tofauti, zote za serikali, zote hapa Dar es Salaam. Ninayoandika leo ni ya hii ya pili. Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye benchi lililo nje ya mlango wa leba, alipokaa mama yangu, na nitafika huko.

Jina la hospitali silitaji. Wakunga walionihudumia hawakuniomba niwaandike, na ya mlangoni nisingependa yamwangukie mlinzi mmoja aliyekuwa akifuata alichoagizwa. Mjamzito anayesoma hapa atayatumia popote atakapokwenda, maana mambo ya kuuliza ni yaleyale.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Kigamboni. Mimba hii niliilea nikiwa nimekaa kwenye cherehani mpaka wiki ya 37, tumbo likigusa meza. Kliniki nilihudhuria mara saba kwenye zahanati ya karibu na nyumbani. Presha, wingi wa damu, dawa za kuzuia malaria, vidonge vya kuongeza damu, chandarua, yote nilipata, na huko sina la kulalamika. Nesi wa zahanati ndiye aliyeniuliza swali ambalo mimba ya kwanza hakuna aliyeniuliza: "Siku ya uchungu utakwenda wapi, na nani, kwa usafiri gani?" Nikamjibu sijui. Akanirudisha nyumbani na swali lake, na kliniki iliyofuata nikaenda na majibu. Mama yangu angekuja kutoka Muheza mwezi wa mwisho. Jirani yetu ana bajaji, akakubali kuamshwa saa yoyote. Mume wangu ni dereva wa lori, akiwa njia ya Tunduma asisubiriwe. Nesi akaniandikia na namba 115, ya bure, ya kuitia usafiri wa dharura wa mama mjamzito. Hatukuihitaji, lakini ilikuwa kwenye simu yangu na kwenye simu ya mama.

Kuhusu vifaa, ndilo swali ninaloulizwa sana na wateja wangu wenye mimba. Kujifungua hospitali ya serikali ni bure kwa sera, na kweli sikulipia kitanda wala mkunga, wala hakuna aliyeniomba ya soda. Ila kwenye kliniki niliambiwa niende na vitu vyangu kwa sababu kuna siku stoo inakuwa tupu. Nilinunua mpira wa kutandika mita mbili, glovu jozi sita, pamba kubwa, klampu mbili za kitovu, nyembe mbili na sindano. Pamoja na beseni na ndoo yenye mfuniko ikafika Sh 62,000. Khanga nilibeba sita za zamani, zile zilizokwisha kulainika, na nakushauri usibebe mpya kwa sababu hazinyonyi maji na zina gundi. Beba ndala, na beba taa ndogo ya kuchaji. Siku yangu umeme ulikatika mara moja, jenereta likachukua kama dakika mbili kuwaka, na dakika mbili za giza leba ni ndefu.

Chupa ilipasuka saa sita na nusu usiku. Masika ilikuwa imechachamaa, barabara ya kwetu imejaa maji, na jirani akaja na bajaji huku amekunja suruali magotini. Tukapita Daraja la Nyerere mvua ikipiga turubai. Mama alikuwa ameshika beseni mapajani na mkono mmoja ameuweka mgongoni kwangu, na kila uchungu ulipokuja alikuwa ananibonyeza pale pale panapouma bila mimi kusema. Tulifika saa saba na dakika arobaini.

Getini mlinzi alitazama kadi yangu ya kliniki, akafungua. Mlango wa leba akamzuia mama. "Bibi, ndugu mwisho hapa." Mama akanipa beseni, akaniambia, "Nenda mwanangu, mimi nipo hapa." Mlango ukafungwa. Basi.

Ndani kulikuwa na vitanda sita na mapazia ya kijani, vinne vimeshakaliwa. Mkunga aliyenipokea ni mama wa makamo, mfupi, na kandambili zake za plastiki nyeupe zinasikika kabla hajafika. Nitamwita Sista tu. Alinipima presha, akasikiliza mapigo ya mtoto kwa kifaa kidogo cha mkononi, akanigeuzia kile kifaa nami nisikie. Halafu akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike haya yote:

"Mama, sasa nataka kukupima njia. Nitaingiza vidole viwili. Uchungu ukianza niambie, nitatoa mkono nisubiri."

Anayesoma anaweza kuona ni jambo dogo. Ngoja nieleze ya 2017.

Ile mara ya kwanza nilipimwa njia na watu wanne tofauti, na hakuna hata mmoja aliyeniambia jina lake wala anachokitafuta. Nilipokaribia kujifungua nilihisi kitu cha baridi, halafu moto. Sikujua ni nini. Nilipigwa kofi la paja nikaambiwa nisibane miguu. Mtoto alipotoka, salama, namshukuru Mungu, nikahisi sindano inaingia na kutoka, nikauliza kuna nini, nikajibiwa, "Tulia mama, unashonwa." Ndipo nilipojua nimeongezewa njia. Mimi ninayeishi kwa sindano na uzi nilitoka pale sijui nimeshonwa nyuzi ngapi, za aina gani, wala kama zinatolewa au zinayeyuka zenyewe. Wiki tatu nilikaa upande mmoja. Kilichoniuma zaidi ya kidonda ni kwamba kila usiku nilijiuliza kama kulikuwa na sababu ya kukatwa au la. Pengine ilikuwepo. Pengine mtoto alikuwa anachoka na yule nesi alimwokoa. Sitajua, kwa sababu hakuna aliyeniambia, nami ningemshukuru leo kama ningeambiwa. Miaka kama sita nilikataa kubeba mimba nyingine, na mume wangu hakuelewa ni kwa nini mpaka nilipomsimulia.

Kwa hiyo Sista aliposema "nitatoa mkono nisubiri," nililia. Akadhani ni uchungu. Nikamwambia hapana, endelea tu.

Njia ilikuwa sentimita tano. Akanionyesha karatasi yao yenye miraba, ile wanayojaza mwendo wa uchungu, akaniambia tunaelekea kumi, kupima tena ni baada ya saa nne isipokuwa kukiwa na sababu, na kwamba kati ya hapo mapigo ya mtoto atayasikiliza kila nusu saa. Akanitajia na saa, kumi na mbili kasoro. Nikawa najua saa ya kupimwa. Akaniruhusu kutembea kwenye korido, kuegemea kitanda, kulala ubavu, na kunywa chai ya tangawizi niliyokuwa nayo. Mwaka 2017 nililazwa chali tangu nilipoingia.

Nisiseme yote yalikuwa mazuri. Choo cha leba ni kimoja, mlango hauna komeo, unashika kitasa kwa mkono mmoja huku uchungu umekubana. Maji yako kwenye pipa na kopo. Kitanda changu kilikuwa na godoro lililopasuka pembeni, na ndiyo maana mpira wako mwenyewe ni muhimu. Wakunga walikuwa wawili tu na msaidizi mmoja, wazazi tulikuwa watano, baadaye saba. Kuna binti wa kitanda cha pili, mimba yake ya kwanza, aliyekuwa anaita "mama, mama" kwa saa nzima, na Sista alikuwa anamjibu kutoka alipo, "Nakusikia, namalizia huku nakuja." Alikuwa anakwenda kweli. Lakini yule binti alihitaji mtu wa kukaa naye asiondoke, na mkunga mwenye wazazi wanne hawezi kuwa huyo mtu. Mama yake alikuwa nje kwenye benchi lilelile alilokuwa mama yangu. Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linashauri mama awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe wakati wote wa uchungu. Niliwauliza mbona hapa hapana. Sista akanijibu kwa upole kwamba mapazia hayatoshi, kila mzazi akiingiza mtu wake mwingine ataonekana uchi wake. Nimeielewa sababu, na mapazia mimi nayashona. Kitanda kimoja ni mita tisa za kitambaa kizito, pamoja na ringi. Hiki si kitu cha kuwashinda.

Saa kumi na mbili kasoro alinipima, sentimita nane. Kuanzia hapo kumbukumbu yangu imekatika vipande. Nakumbuka adhana ya alfajiri ilikuwa imeshapita na mwanga umeingia kwenye dirisha la juu. Nakumbuka nilimwambia Sista siwezi, naye hakuniambia "mbona mwenzio anaweza." Aliniambia, "Hapa ndipo kila mtu anaposema hawezi. Umekaribia." Saa moja na nusu zamu yao iliisha. Niliwaona wa mchana wakiingia na vikoti vyao, nikasikia makabidhiano, nikaogopa nitaanza upya na mtu mwingine. Sista akaja akasema, "Nimeshamwambia mwenzangu, wewe nakumaliza mimi."

Wakati wa kusukuma aliniambia, "Sitaki kukukata kama si lazima. Nikikwambia acha, usisukume, hema kama unapuliza jiko la mkaa." Nikapuliza. Aliweka mkono wake chini kuzuia kichwa kisitoke kwa kasi, na wakati wote alikuwa ananiambia kilipofika, nywele zimeonekana, kichwa kimetoka, sasa mabega, subiri, haya. Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi mtoto wa kike akatoka na akalia hapohapo. Kilo 3.4. Akamlaza kwenye tumbo langu bado ana utando, akamfunika kwa khanga yangu, na hakukata kitovu mara moja. Akaniwekea kidole changu juu ya kile kitovu nikahisi kinapiga. "Hiyo bado ni damu yake anachukua. Kikitulia nakata." Dakika mbili hivi. Nina watoto wawili na nilikuwa sijawahi kushika kitovu cha mtoto kikiwa hai.

Sasa sehemu ninayotaka isomwe vizuri.

Mtoto alipotoka tu Sista alitandaza chini yangu mfuko wa plastiki mwangavu, umeshuka mbele ya kitanda kama aproni, una mistari imechorwa. Akaniambia ninachomwa sindano ya paja ya kuzuia damu. Kondo la nyuma lilitoka zima, akaligeuza akalikagua. Nilikuwa namtazama mtoto. Halafu nikamwona Sista ameinama anaangalia ule mfuko, akauangalia tena baada ya muda mfupi, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya haraka ingawa haikupanda.

"Mama, damu inatoka kuliko ninavyotaka. Mimi siendi popote. Nakukanda tumbo, itauma sana. Mwenzangu anakuwekea dripu."

Walikuja watatu. Mmoja akachukua mtoto akamweka karibu na kichwa changu ili nimwone. Mmoja mkono wa kushoto na dripu. Sista akaminya tumbo kwa ngumi kama mtu anayekanda unga, na iliuma kuliko kujifungua. Kila kilichoingia mwilini mwangu nilitajiwa: hii ni dawa ya kubana mji wa mimba, hii ni ya kusaidia damu igande, haya ni maji. Akanikagua kwa taa. "Umechanika kidogo, sehemu moja. Nachoma ganzi kwanza, halafu nyuzi mbili, zinayeyuka zenyewe." Nikazihesabu. Zilikuwa mbili.

Nilikuwa natetemeka na midomo imekauka, lakini sikuwa na hofu ile ya kutojua. Nilijua ninatokwa na damu, nilijua wanafanya nini, nilijua nani anafanya. Baada ya kama nusu saa damu ilitulia.

Baadaye nilimuuliza ule mfuko ni wa nini. Akaniambia zamani damu ya mzazi walikuwa wanaikadiria kwa macho, na macho yanadanganya, damu ikishanyonywa na khanga huwezi kujua ni kikombe au ni lita. Mfuko unaonyesha. Mstari wa kwanza unakuonya, ukifika wa mililita 500 hakuna kusubiri, dawa zote zinakwenda kwa pamoja badala ya moja baada ya nyingine. Nilipopata nguvu nilisoma zaidi. Utafiti wa utaratibu huo ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, na majibu yalitoka 2023: damu nyingi ya hatari ilipungua kwa asilimia 60. Redioni tunatajiwa kwamba vifo vya uzazi Tanzania vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Nilikuwa nazisikia zinapita. Siku hizi nikizisikia naona plastiki yenye mistari na mama mfupi mwenye kandambili nyeupe ambaye zamu yake ilikwisha.

Na sasa benchi.

Mama yangu alikaa pale tangu saa saba na dakika arobaini usiku. Ana uji wa pilipili manga kwenye chupa, ana vitu vya mtoto. Hakuna aliyemwambia njia iko sentimita ngapi. Hakuna aliyemwambia nimejifungua. Saa tatu kasoro akatoka dada wa usafi na ndoo, mama akamwuliza, "Mwanangu, yule wa Kigamboni vipi?" Dada yule akamjibu kwa nia njema kabisa, "Yule ametokwa na damu nyingi, wako naye." Akaenda zake kumwaga ndoo.

Wasomaji hawamjui mama yangu, kwa hiyo nieleze. Mama mdogo, yule wa kumfuata yeye, alikufa mwaka 2003 kijijini, amejifungulia nyumbani usiku, kwa damu. Mama ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Alimshika mpaka mkono ukapoa. Mtoto aliyebaki mama ndiye aliyemlea, na ni kaka yangu mpaka leo. Huyo ndiye waliyemwacha kwenye benchi na neno "damu" peke yake, kuanzia saa tatu kasoro mpaka saa tano asubuhi, wakati mimi ndani damu ilikuwa imeshatulia kabla hata ya saa tatu. Kwa zaidi ya saa mbili mama yangu alikuwa anasoma Ayatul Kursi na kunizika. Alikwenda mlangoni mara nne. Mara zote nne mlinzi alimwambia, "Bibi, subiri utaitwa."

Saa tano nilipohamishiwa wodi ya wazazi ndipo alipoitwa. Aliponiona hakunipa hongera. Alinishika miguu kwanza, chini ya shuka, kuangalia kama ina joto.

Sikuwa na hasira na wakunga. Watu watatu walikuwa wananizuia nisife, na wazazi wengine sita wanawaita. Lakini baada ya damu kutulia, kumtuma mtu mlangoni aseme "Bibi, wote wawili wazima" ni sekunde kumi. Na ile huduma ya ndani niliyoisifia yote ilikuwa imejengwa juu ya jambo hilohilo la kumwambia mtu kinachotokea. Inakuwaje iishie kwenye kizingiti?

Wodi ya wazazi nitaisema kwa kifupi. Usiku wa kwanza tulilala wawili kitanda kimoja, mimi kichwa huku mwenzangu kichwa kule, watoto katikati, kwa hiyo hakuna aliyelala. Chandarua kipo lakini kina tundu. Chakula kinatoka nyumbani, muda wa kuona wagonjwa ni asubuhi, mchana na jioni, na wanaufuata kwa dakika. Manesi wa pale walinisaidia sana kumweka mtoto kwenye ziwa. Walimweleza mama mkwe wangu, aliyekuja na maji ya sukari, kwamba zile dang'a za njano zinamtosha, na maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Waliongea naye kwa adabu, "mama" kila sentensi, naye akakubali bila kununa. Mtoto alipata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio kabla hatujatoka, na kadi yake, na tangazo la kizazi la kupelekea kwenye cheti cha kuzaliwa. Likague tangazo kabla hujaondoka. Langu lilikosewa herufi ya jina la baba na walilirekebisha palepale.

Daktari alipita asubuhi ya pili na wanafunzi. Walisimama kitandani kwangu wakaongea juu yangu kwa Kiingereza dakika kama tatu, wakaanza kuondoka. Nikasema, "Daktari, samahani, naomba na mimi uniambie." Akasimama. Akarudi, akawaambia wanafunzi wasubiri, akaketi ukingoni mwa kitanda. Akaniambia nilipoteza kama mililita 700, kwamba mji wa mimba ulichelewa kukaza, kwamba wingi wa damu umeshuka kiasi lakini sihitaji kuongezewa, nimeze vidonge vya damu miezi mitatu. Na hili sikulijua: mwanamke aliyetokwa na damu hivyo mara moja ana nafasi kubwa zaidi ya kutokwa tena mimba ijayo. Kwa hiyo nikibeba tena nisifikirie zahanati, niende hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji, na nimwambie kila anayenipokea kabla hajaniuliza. Ameniandikia kwenye kadi kwa kalamu nyekundu. Nisingeomba, ningetoka pale bila kuijua habari ambayo huenda siku moja ikaniokoa. Alijibu vizuri sana. Ila mwenzangu wa kitanda hakuuliza, na hakuambiwa.

Kwa hiyo ulizeni. Uliza njia iko ngapi, sindano hii ni ya nini, nimeshonwa nyuzi ngapi, nimepoteza damu kiasi gani. Uliza na jina la anayekuhudumia. Mimi Sista wangu nilimuuliza jina siku ya kutoka, na nimelitunza.

Siku ya 42 nilirudi kuangaliwa, mtoto mgongoni, kilo tano na nusu. Nilipomaliza nikaomba kumwona muuguzi mfawidhi. Nilimshukuru kwanza, nikamtajia Sista kwa jina na zamu yake. Halafu nikamweleza ya benchi, yote, mpaka ya mama mdogo. Nikasema pawe na daftari mlangoni, jina la mzazi na jina la ndugu yake, na kila saa mbili mtu mmoja atoke asome. Nikasema na mapazia nitayashona kwa bei ya kitambaa tu, wakipata kitambaa. Aliandika. Akasema atalipeleka kwenye kikao cha mwezi. Nimemwachia namba yangu.

Nikitoka nilipita pale mlangoni. Benchi lilikuwa na watu watatu, na mwishoni bibi mmoja amefunga ushungi mweusi, beseni mapajani, chupa ya chai ndani ya beseni. Nikamwamkia, nikamwuliza amemleta nani. Binti yake, tangu alfajiri. Ameambiwa nini? Asubiri ataitwa. Nikamwuliza jina la binti, nikagonga mlango. Akatoka nesi kijana, nikamwambia, "Dada, huyu ni mama wa fulani, anaomba kujua tu." Nesi akaingia, mlango ukafungwa, tukasubiri. Haikuchukua hata dakika mbili. Akarudi mwenyewe, akampita mlinzi, akainama mpaka usawa wa uso wa bibi.

"Shikamoo bibi. Binti yako yupo sentimita saba. Mtoto anapiga vizuri. Amekunywa chai."

Bibi akaitikia marahaba, akaweka beseni chini, akanyoosha miguu.